Mesiaki Wawili wa Boma la Arusha

Wanangu makarani, mmeniomba niwaachie maneno kabla sijasahau, nami nimeona heri niyaandike kwa mkono wangu kuliko kuja kuyasikia baadaye yamekuwa ya mtu mwingine. Funguo nimekabidhi, meza nimekabidhi, na kiti changu nasikia kimekwisha vunjika mguu. Mnachotaka kujua ni namna ya kutafuta mashauri ya zamani, yale ya enzi ya Wajerumani, maana hakipiti kipindi bila mtu kuja dirishani kuuliza babake alifungwa kwa kosa gani, au kama jina lake mwenyewe bado lina doa bomani. Nitawaeleza. Lakini kazi ile siwezi kuieleza bila kuwataja watu wawili walioitwa jina moja, kwa hiyo mnivumilie.

Nilifika Arusha kijana, nikitokea Tanga, nimetoka shule ya serikali na mwandiko mzuri na koti jepesi. Huko pwani hakuna aliyeniambia kwamba kuna mahali mtu huamka asubuhi akatoa moshi mdomoni bila kuvuta tumbaku. Mlima Meru nilidhani ni wingu, mpaka wingu lilipoondoka na wenyewe ukabaki. Boma lilikuwa jeupe kwa chokaa. Kuta zake walizijenga Waarusha na Wameru wakiwa kwenye minyororo, baada ya kushindwa vitani, na watu wa rika lile walipopita nje walikuwa wakizitazama kwa namna ambayo mgeni aliielewa bila mkalimani.

Karani mkubwa alikuwa Mzee Kombo, mtu wa Pangani, mfupi, mwenye kikohozi na kofia ya kazi ya mkono. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza:

"Unajua kuandika?"

"Najua, mzee."

"Kuandika kila mtu anajua siku hizi. Kusikia je?"

Sikumwelewa. Akaniketisha kando yake. Akaja mtu wa mlimani, blanketi begani, akataja jina lake. Mzee Kombo akaniambia niandike nilichosikia. Nikaandika. Akamwuliza yule mtu jina mara ya pili, akataja lingine. Mara ya tatu, lingine tena. Nikadhani anatudhihaki.

"La kwanza ni la nyumbani," Mzee Kombo akaniambia. "La pili ni la marafiki zake. La tatu amelitaja kwa kuwa amechoka na wewe. Usimwulize mtu jina peke yake. Mwulize na baba yake, na rika lake, na jumbe wake, na anakoishi. Jina ni nguo, mtu hubadili."

Hilo ndilo somo, na mengine yote ni nyongeza. Lakini nyongeza nazo mnazihitaji.

Kitabu cha mashauri cha Wajerumani hakifuati majina. Kinafuata siku, kesi baada ya kesi, jinsi zilivyosikilizwa. Kwa hiyo mtu akija, usianze na kitabu, anza na yeye. Mwulize ilikuwa masika au kiangazi, mwaka wa nzige au mwaka wa sotoka iliyoua ng'ombe, kabla ya barabara fulani au baada yake. Watu wetu hawana tarehe, ila wana mvua, na mvua hazidanganyi sana. Ukiupata msimu, ndipo ufungue. Kumbuka pia kwamba Mjerumani huandika kwa sikio la kwao: ye yetu huiandika je, na sha yetu huitia herufi nyingi kama anailisha. Kwa hiyo lisome jina kwa sauti, usilisome kwa macho. Mashauri ya mwanzo kabisa msiyatafute hapa, yaliandikwa Moshi, wakati Arusha ilikuwa kituo tu. Na vitabu vilaze kwenye sanduku la bati, miguu ya sanduku ndani ya makopo ya maji. Mchwa wa Arusha hawajui Kijerumani, lakini wanakisoma chote.

Neno moja zaidi. Anayekuja kuuliza habari za kifungo, usimwulize kwa sauti mbele ya watu. Mpe kigoda, mkaribishe pembeni. Wengi huja wakiwa wamejikaza tangu kwao, na ukipaza sauti hukwambia wamekuja kuuliza kodi.

Sasa nije kwa Naishorwa.

Nilikuwa nimerudi kutoka Tanga, nilikokwenda kumzika baba yangu, na nafasi yangu alikuwa ameishika karani wa kuazima. Asubuhi moja nikamkuta mwanamke wa Kiarusha ameketi nje ya chumba chetu, shanga shingoni, kichwa kimenyolewa vizuri, ametulia kama mtu aliyekuja kukaa. Nilimwamkia "Takwenya," kwa Kimaasai changu cha kuokoteza. Akaitikia "Iko," akaanza kusema, na hapo Kimaasai changu kikaishia. Mzee Kombo, ambaye alikuwa ameishi na watu wale miaka mingi, akaja kututafsiria.

Mumewe aliitwa Mesiaki, mtu wa Levolosi. Alikuwa ameshtakiwa kwa kuiba mbuzi wa jirani. Kwa mbuzi, mtu wa kosa la kwanza alikuwa akipigwa viboko na kufungwa muda mfupi hapa hapa, akibeba maji na kufagia uwanja. Lakini siku ya hukumu Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita Mzungu aliyesikiliza kesi, aliagiza kitabu kitazamwe kama mtu huyu anajulikana. Yule karani wa kuazima akatafuta peke yake, akapata: Mesiaki, Mwarusha, ng'ombe wa mlowezi, viboko hamsa wa ishirini na mnyororo. Basi Mesiaki wa Levolosi akahesabiwa mwizi wa mara ya pili. Akahukumiwa miaka, akapelekwa chini huko, kwenye tuta la reli iliyokuwa ikipanda kutoka Tanga.

"Mbuzi ni kweli alimchukua," Naishorwa alisema. "Hata mimi nilimla. Lakini ng'ombe wa Mzungu mume wangu hamjui."

Nikamwambia kitabuni kuna jina lake.

"Mwaka ule wa ng'ombe alikuwa hajatahiriwa. Alikuwa anachunga ndama. Boma hutia watoto mnyororo?"

Mzee Kombo alinitafsiria, kisha akaongeza la kwake: "Mjibu, maana mimi sijui."

Nilifungua kitabu. Jina la baba halikuwapo, wala la jumbe, wala la mahali. Aliyeandika alikuwa na haraka, au alichoka kusikia. Nilimwonyesha Mzee Kombo, akautazama ukurasa ule, akageuza uso wake.

"Huyu namkumbuka," akasema. "Ni mwana wa Lemburis, wa Engutoto. Morani mrefu. Alipigwa hapo uwanjani na hakutoa sauti, hata yule askari akaona haya. Alipofunguliwa alikwenda misheni. Ukimtafuta Mesiaki hutampata, mwanangu, tafuta Petro. Anafundisha watoto upande wa Tengeru."

Tulikwenda kwa Bwana Shauri asubuhi, baada ya kahawa yake na kabla ya kesi ya kwanza. Saa nyingine yoyote usiende na ombi. Alisikiliza. Hakuwa mtu mbaya sana, alikuwa mtu wa kazi nyingi, na kwa mfungwa mambo hayo mawili hayatofautiani. Akasema kila mke husema mumewe si yeye. Akitaka shauri lifunguliwe, aletwe huyo Mesiaki mwingine, asimame mbele ya baraza aseme kwa mdomo wake kwamba aliyefungwa kwa ng'ombe ni yeye.

"Tutume askari?" nikamwuliza Mzee Kombo tulipotoka.

"Askari ataleta mtu, hataleta ukweli. Nenda wewe."

Nikaenda. Nilivuka mto Themi, nikavuka Nduruma, nikaingia kwenye migomba ya Wameru, kule ambako njia hupita baina ya nyumba na kila mtu hukuuliza unakwenda kwa nani. Nilipotaja Mwalimu Petro, nyuso zilifunguka. Mama mmoja aliacha kupalilia akanisindikiza, akinieleza kwamba mwanawe sasa anasoma barua.

Shule ilikuwa banda la miti na majani. Petro alikuwa mrefu kweli, kanzu nyeupe safi, akiandika herufi kwa chaki kwenye ubao uliopakwa masizi, na watoto wakiitikia kwa pamoja. Aliponiona na koti langu la boma aliendelea kufundisha mpaka mwisho wa mstari. Kisha akawaachia watoto waende, akanipa kigoda.

"Umekuja na askari?"

"Hapana."

"Basi umekuja na jambo baya zaidi."

Nilimweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa akiifuta chaki mikononi, akiifuta na kuifuta ingawa ilikwisha toka.

"Mimi ni Mwarusha," akasema. "Hawa ni Wameru. Wamenipa watoto wao niwafundishe. Mzee wa kanisa hapa amekubali kunipa binti yake. Mchungaji ananijua tangu siku aliponibatiza. Ya nyuma hakuniuliza, nami sikumwambia. Sasa unataka nije bomani niwaambie watu kwamba mimi ni mwizi."

"Useme ulikuwa."

"Karani, huko bomani kwenu kuna neno ulikuwa?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta miaka yote niliyofanya kazi ile. Akanikaribisha ndizi za kuchoma, tukala, akanisindikiza mpaka mtoni, akaniambia niwasalimu, hatakuja.

Niliporudi nilimkuta Naishorwa pale pale. Mzee Kombo akamweleza. Nilitegemea kilio. Aliuliza tu njia, ukivuka Nduruma unashika upande gani. Akajifunga vizuri vazi lake la ngozi, akaondoka.

Yaliyotokea huko Petro alinisimulia mwenyewe baadaye. Mwanamke alifika, akaketi nje ya shule. Hakuingia, hakuita. Petro alifundisha, watoto wakatoka, mwanamke akabaki. Mwishowe akamwendea, akamwambia kwa Kimaasai kwamba anajua kilichomleta, na kwamba hawezi.

"Sikuja kukuomba," Naishorwa alimwambia. "Nimekuja kukuuliza kitu. Wewe umevaa mnyororo. Mtu akiwa na chuma shingoni, amefungwa na wenzake, hulalaje?"

Petro aliniambia kwamba angeweza kustahimili machozi, na matusi pia, ila swali lile alilijua jibu lake. Alimwambia: hulala kwa zamu ya kugeuka. Mmoja akitaka kugeuka huwaamsha wote, wakageuka pamoja. Mwenye kikohozi huwanyima wote usingizi, nao humchukia, na yeye hujua.

"Mume wangu ana kikohozi," mwanamke akasema. Akainuka, akaaga.

Petro alikuja bomani baada ya Jumapili. Baraza lilikuwa limejaa, maana ilikuwa siku ya mashauri, na miongoni mwa watu walikuwamo Wakristo wa mlimani waliokuja kwa kesi ya mfereji wa maji. Walidhani mwalimu wao amekuja kuwasaidia. Mzee wa kanisa, yule mkwe, alimsogezea nafasi kwenye benchi. Petro hakuketi.

Bwana Shauri alimwuliza jina. Akasema, "Petro. Zamani Mesiaki, mwana wa Lemburis, wa Engutoto. Ng'ombe wa yule mlowezi nilimwiba mimi. Nilipigwa hapa, nikafungwa hapa. Huyu mliyempeleka kwenye reli si mimi."

Mzee Kombo alitafsiri kwa Kijerumani chake cha zamani, neno kwa neno, na sauti yake ilikuwa imepungua. Bwana Shauri akauliza atajuaje kwamba mtu huyu hakuhongwa na mke wa mfungwa. Akaagiza aonyeshe mgongo.

Nilitamani aseme kingine chochote. Petro alishika kanzu yake nyeupe, ile aliyovaa kufundishia na kanisani, akaivua kupitia kichwani mbele ya wale wazee. Makovu yalikuwapo. Kiboko huandika vizuri kuliko karani. Bwana Shauri alitazama, akatikisa kichwa kukubali, akanisomea maneno ya kuandika, nami nikaandika: jina lilichanganywa, kifungo kimepunguzwa, mfungwa arudishwe. Kisha akaita kesi ya mfereji.

Mkwe alikuwa amekwisha inuka. Alipita karibu na Petro bila kumgusa. Petro alikuwa bado anaitafuta mikono ya kanzu.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Mchungaji alisema hakuudhika na wizi, kwa kuwa wizi husamehewa, bali kwa kufichwa. Mwalimu aliyeficha hawezi kusimama mbele ya watoto. Binti aliolewa kwingine. Wameru hawakumfukuza, walianza tu kumsalimu kwa ufupi, na Petro, ambaye alikuwa mtu wa kusikia, akasikia. Akaondoka. Banda la shule lilikaa bila mwalimu muda mrefu, watoto wakarudi mashambani, na yule mama aliyenisindikiza nilikutana naye sokoni siku moja akanigeuzia mgongo. Sikumlaumu. Kwa macho yake mimi ndiye niliyekuja na koti la boma nikaondoka na mwalimu.

Mesiaki wa Levolosi alirudishwa. Nilimwona siku aliyofika: mtu aliyekonda hata blanketi lilimlemea, shingo ina alama, kikohozi kimeshuka kifuani. Naishorwa alikuwa akimngoja langoni. Hawakukumbatiana, si desturi yao mbele ya watu. Alimpokea fimbo yake, akatangulia, naye akafuata nyuma akisimama kila mara kupumua. Nilimwuliza Mzee Kombo kama tumefanya kazi njema.

"Tumefanya kazi," akanijibu.

Mzee Kombo mwenyewe hakukaa sana baada ya hapo. Kikohozi chake nacho kilimpeleka kwao Pangani, nami nikarithi meza. Tangu siku hiyo hakuna jina lililoingia kitabuni kwa mkono wangu bila baba, rika, jumbe na mahali, na Bwana Shauri akinihimiza nilikuwa nikiukokota ule wino mpaka nimalize. Mkiona kurasa zangu zimejaa mpaka ukingoni, msidhani nilipenda kuandika.

Siku ya mwisho niliyomwona Petro, vita vya Wazungu vilikuwa bado havijafika. Alikuja dirishani asubuhi, suruali ya shamba, miguu ina vumbi jekundu. Alikuwa akiswaga maksai kwa mlowezi mmoja upande wa chini. Walowezi hawakuuliza mtu alibatizwa na nani, wala alifungwa kwa nini, waliuliza kama ana mikono. Nilimkaribisha pembeni, nikampa kigoda.

"Nimekuja kuuliza shauri langu," akasema.

"Unalijua."

"Nataka kulisikia."

Nilimsomea lile la kwanza, la ng'ombe. Akatikisa kichwa kukubali. Nilimsomea la pili, jina lilichanganywa, kifungo kimepunguzwa.

"Hapo mimi nimo?"

"Hapo yumo Mesiaki wa Levolosi."

"Na siku niliyokuja mwenyewe?"

Nilifunua ukurasa uliofuata, ingawa nilijua ni kesi ya mfereji. Nikamwambia haimo. Bwana Shauri hakuisema, na mimi nilikuwa naandika aliyoyasema. Nikachukua kalamu nikaichovya, nikamwambia kuna nafasi pembeni, nitaandika sasa hivi, kwamba alikuja kwa hiari yake, bila askari.

Akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Acha. Ukiandika leo utakuwa umeandika kwa kunihurumia." Akautoa mkono taratibu. "Mwenzangu hajambo? Kikohozi kimepoa?"

Nilidhani habari zimemfikia. Nilimwambia Mesiaki wa Levolosi alifariki masika hayo, nyumbani kwake, mkewe akiwa naye.

Petro alitazama nje, kule uwanjani, ambako wafungwa walikuwa wakifagia.

"Basi," akasema, "nimebaki Mesiaki mimi peke yangu."

Akainuka, akaniaga kwa mikono miwili. Langoni askari mgeni, ambaye hakuwa anamjua, alimsimamisha akamwuliza jina, kama alivyouliza kila mtu. Nilikuwa dirishani. Nilimsikia akijibu, na hakusema Petro.